Masomo ya Hiari Yasichaguliwe Gizani

Shule za sekondari zikifunguliwa mwezi wa Januari, vijana waliovuka upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hukabiliwa na jambo moja ambalo halina sherehe wala tangazo. Kijana hupewa karatasi, au huambiwa tu asogee upande huu au upande ule wa darasa, na kabla ya saa ya chakula cha mchana amekwisha kuamua kama ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziacha. Jioni hurejea nyumbani. Aghalabu mzazi haulizi neno, kwa kuwa hajui kwamba siku hiyo palikuwa na swali.

Sisi twaona kwamba jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa katika mkoa wetu wa Tanga, na pengine katika nchi nzima. Mtihani wa kidato cha nne huzungumzwa sana: matokeo yake husomwa, waliofaulu hupongezwa na walioanguka husikitikiwa. Lakini sehemu kubwa ya matokeo hayo huwa imekwisha kuamuliwa miaka miwili kabla, na kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, ndani ya dakika chache.

Tueleze kwanza utaratibu wenyewe, maana wazazi wengi hawajaelezwa. Kwa mtaala ambao vijana wetu wametahiniwa nao kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hulazimika kusoma masomo saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia, ambazo huwa amezisoma kidato cha kwanza na cha pili, hugeuka kuwa masomo ya hiari. Ya hiari kadhalika ni masomo ya biashara na utunzaji wa hesabu, Kilimo, Kiarabu, Kifaransa, Elimu ya Dini ya Kiislamu, Maarifa ya Biblia na mengineyo, kutegemea shule ina mwalimu gani. Baraza la Mitihani nalo hupanga daraja la mtahiniwa kwa kuyatazama masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama ya A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F pointi 5. Mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na aliyefika 34 au 35 huondoka na sifuri.

Hapo ndipo kishawishi kilipo. Masomo ya lazima ni saba, na yanayohesabiwa ni saba. Kijana hujisemea: maadamu saba zanitosha, ya nini kujitwisha la nane na la tisa, tena yale magumu kupita yote? Huachana na Fizikia na Kemia kama mtu atuaye mzigo njiani, akaona amepumua.

Ni kweli amepumua. Lakini tutazame ameacha nini.

Tunamjua binti mmoja wa wilaya ya Muheza ambaye tangu udogo wake alitaka kuwa muuguzi. Alimaliza kidato cha nne, akapata daraja la tatu, na katika Baiolojia alipata C. Nyumbani walifurahi. Alipokwenda kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi hakufika mbali. Baba yake, ambaye ni mkulima wa machungwa, alimwuliza:

"Mwanangu, si ulisoma Baiolojia?"

"Nilisoma, baba, na nikafaulu. Wanataka na Kemia, na Fizikia."

"Mbona hukuniambia ulipoyaacha?"

"Sikujua kama ni jambo la kuambiana, baba."

Binti huyo hakudanganywa na mtu. Sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga, na ile ya utabibu, zimeandikwa wazi na hutolewa kila mwaka: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, miongoni mwake Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu wa kiwango cha D watosha. Hakutakiwa awe bingwa, bali awe amefika tu katika masomo hayo matatu. Lakini hakuna aliyemwambia siku ile ya kusogea upande wa darasa kwamba Baiolojia, ikiachwa peke yake bila ya ndugu zake wawili, haimfikishi wodini. Na hili ndilo linalowapotosha wengi. Kwa kuwa Baiolojia ni ya lazima, mwanafunzi aliyekwenda upande wa sanaa hudhani bado ana mguu mmoja katika sayansi.

Wale wanaotazamia kidato cha tano wana hesabu nyingine. Ili kupangiwa tahasusi, kijana ahitaji kuwa na ufaulu katika masomo yale yanayoiunda. Asiye na Fizikia hawezi kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, wala Fizikia, Kemia na Hisabati. Asiye na Kemia hata ile ya Kemia, Baiolojia na Jiografia imempita. Na mbele zaidi, anayetaka kusomea udaktari wa binadamu katika chuo kikuu sharti awe na ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Kwa hiyo kijana aliyeziacha Fizikia na Kemia mwezi wa Januari wa kidato cha tatu amejitoa katika udaktari, ufamasia na uhandisi, na katika sehemu kubwa ya kazi za maabara, bila ya kupewa hata siku moja ya kulifikiri jambo hilo.

Sasa kuna hofu moja ambayo twaisikia mara kwa mara kwa wanafunzi, na hata kwa baadhi ya walimu, kwamba Fizikia na Kemia "zitaharibu daraja". Yafaa tuifanyie hesabu hofu hii, maana ni ya hesabu. Tuseme mwanafunzi amechukua masomo saba tu. Amepata C nne, D mbili, na F katika Hisabati. C nne ni pointi 12, D mbili ni pointi 8, F ni pointi 5. Jumla ni 25, daraja la tatu la mwisho kabisa. Sasa tuseme mwanafunzi huyo huyo, kwa alama zile zile, alikuwa pia na Kemia na Fizikia, akapata D kote kuwili. Masomo yake ni tisa, lakini Baraza huchukua saba yaliyo bora. F ya Hisabati na D moja huachwa nje, na hubaki C nne na D tatu: pointi 12 na 12, jumla 24. Daraja lake halikuharibika, limepata nafuu. Zaidi ya hayo, akiwa na Kemia, Baiolojia na Fizikia mkononi, sifa ile ya vyuo vya afya ameitimiza.

Somo la nane na la tisa, basi, haliongezi pointi mbaya juu ya zile saba. Linalokula ni wakati na nguvu, na gharama hiyo hatuikanushi. Mwanafunzi atembeaye kilomita nyingi kwenda shule, akirudi jioni achote maji na kupika, hana saa za ziada za kugawa ovyo. Lakini kuogopa kazi ni jambo moja, na kuogopa hesabu isiyokuwapo ni jambo jingine.

Tukumbuke pia Hisabati. Hiyo ni ya lazima na hakuna awezaye kuikimbia, walakini mwaka 2022 waliofaulu somo hilo kidato cha nne nchini hawakufika robo ya watahiniwa. Kijana ambaye ana masomo saba tu, na moja kati ya hayo saba ni Hisabati, huingia katika mtihani akiwa hana akiba. F yake ya Hisabati lazima ihesabiwe, kwa kuwa hana kingine cha kuweka mahali pake. Mkulima hapandi mbegu zinazotosha mashimo kamili. Hubakiza za kuziba mapengo.

Hata hivyo hatutaki kuwabebesha vijana lawama yote. Hiari huwa hiari pale tu ambapo vitu viwili vipo na mtu akachagua kimoja. Shule nyingi za kata zilizojengwa kuanzia mwaka 2006 zilifunguliwa zikiwa na madarasa, ubao na mkuu wa shule, lakini mwalimu wa Fizikia akiwa ni wa kusubiriwa. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Wananchi walichangishwa, mawe yakasombwa na matofali yakafyatuliwa, na kuta zikasimama. Katika shule nyingine chumba kile leo kimejaa mabomba yasiyo na maji na meza zisizo na chupa hata moja. Kwingine kimekuwa ghala la madawati mabovu. Maabara si chumba. Ni chumba, vifaa, dawa za kemikali, na mwalimu anayejua kuvitumia, na kikikosekana kimoja katika hivyo yaliyobaki hayana kazi.

Katika mazingira hayo mwanafunzi haachi Fizikia. Fizikia ndiyo iliyomwacha yeye, tangu kidato cha kwanza, aliposoma nusu mwaka kwa madaftari ya kaka zake. Akiulizwa anataka upande gani, atajibu nini? Amesomeshwa Historia na mwalimu anayefika darasani kila siku, na Kemia amesomeshwa na mwanafunzi mwenzake wa kidato cha nne. Anachagua mwalimu, hachagui somo.

Lipo na jambo la tatu, ambalo halisemwi hadharani. Shule hupimwa kwa wastani wa ufaulu wake. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, na sisi tuliona kuwa ni uamuzi wa busara, lakini mashindano hayakufa kwa tangazo hilo. Katika vikao vya wilaya wakuu wa shule bado huulizwa wastani wa kila somo. Mkuu wa shule aliyeandikisha wanafunzi kumi katika Kemia wakafaulu wanane ataonekana hodari kuliko aliyeandikisha sitini wakafaulu thelathini, ingawa huyu wa pili ameitumikia jamii mara tatu na zaidi. Kwa hiyo wale wanaoyumba hushauriwa "kwa wema" wakae upande wa sanaa. Wasichana husikia ushauri huo mapema zaidi, na mara nyingi kwa sauti ya upole zaidi. Twawaheshimu walimu, na twajua mzigo walio nao. Lakini ushauri unaomkinga mshauri yafaa upimwe mara mbili.

Asije mtu akadhani kwamba twamsukuma kila mtoto kwenye sayansi. La hasha. Taifa hili linahitaji wanahistoria, wanasheria, wahasibu, wakalimani na waandishi, na kijana ambaye damu yake iko katika Historia na Kiswahili asisumbuliwe. Kumlazimisha ni kupoteza mtu mzuri na kiti cha maabara kwa pamoja. Wala masomo ya sanaa si jalala la walioshindwa. Fikra hiyo imewadhuru hata hao waendao huko kwa mapenzi yao, maana huingia darasani wakiwa wamekwisha kupewa jina. Tunalolipinga ni mtu kwenda upande mmoja kwa sababu hakujua kuwa upande wa pili una mlango, au kwa sababu mlango ule ulifungwa kwa ndani na watu wazima.

Katika pwani hii yetu kuna neno jingine la kusema juu ya masomo ya hiari, nalo lahusu Elimu ya Dini na Kiarabu. Watoto wengi wa Tanga, Pangani na Mkinga huingia sekondari wakiwa tayari wamepita chuoni, wakiwa na juzuu kadhaa vichwani na herufi za Kiarabu mkononi. Masomo hayo huwa mepesi kwao na hupendeza wazazi. Sisi tuliopitia njia hiyo hiyo hatuwezi kuyadharau. Nidhamu ya kukaa na kuhifadhi tuliipata huko, tena chuoni hakukuwa na kuchagua. Mtoto alianza na alifu, akafuata be na te, na mwalimu hakumwuliza kama juzuu ya Amma yampendeza. Lakini mzazi ajue hili: palipoandikwa "masomo manne yasiyo ya dini", alama A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au ya Maarifa ya Biblia haihesabiwi. Mtoto ayasome, na afaulu, lakini yasiwe ndiyo yaliyoitoa Kemia. Kiarabu ni lugha na kina njia zake, na baada ya mwaka 2024 njia hizo zimepanuka.

Maana mwezi wa Machi mwaka huo serikali ilitangaza tahasusi za kidato cha tano kuwa 65, badala ya zile chache za zamani ambazo kila mzazi alizijua kwa herufi zake tatu. Miongoni mwa mpya zimo za lugha, zikiwemo Kiarabu na Kichina, za michezo, za sanaa na muziki, na za elimu ya dini. Jambo hili ni jema, lakini limeongeza kazi ya ushauri, halikuipunguza. Penye njia tatu mtoto aweza kuuliza mpita njia. Penye njia sitini na tano ahitaji mtu aliyekaa chini na ramani.

Na ramani yenyewe inabadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imegawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, na mkondo wa amali ulianza kwa baadhi ya shule Januari 2024. Wenye kumbukumbu ya historia watasema kwamba nchi hii iliwahi kuipita njia ya namna hiyo. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, na aliyepelekwa Ifunda, Moshi au Tanga Ufundi alijua kuwa atashika randa na nyaya pamoja na kalamu. Tofauti ni kwamba wakati ule karakana zilikuwa chache na wanafunzi walikuwa wachache. Mkondo wa amali humtaka mtoto aingie njia yake akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, mapema zaidi ya yule wa kidato cha tatu. Ikiwa hatujaweza kumshauri vema wa kidato cha tatu, huyu mdogo tutamshauri kwa lipi?

Ni vigumu kulizungumza hili Tanga bila kukumbuka Chongoleani. Agosti 2017 liliwekwa hapo jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, na rasi ile iliyokuwa ya wavuvi na minazi imekuwa mwisho wa bomba hilo na pahala pa matangi. Bandari yetu nayo imechimbwa kina na kujengewa gati. Miaka hiyo tumesikia manung'uniko mengi vibarazani kwamba vijana wa hapa hupewa kazi za kufyeka na kulinda, na wenye vipimo na kofia za uhandisi hutoka kwingine. Manung'uniko hayo yana sehemu ya haki na wenye mamlaka wayasikilize. Lakini fundi wa mitambo, mpima ardhi na mtaalamu wa umeme hawazaliwi siku jiwe la msingi linapowekwa. Kijana aliyekuwa na miaka 25 mwaka ule alikuwa kidato cha tatu karibu mwaka 2008, katika moja ya shule zile tulizozitaja. Nani alimfundisha Fizikia?

Kwa hiyo twaomba mambo machache, na yote yawezekana bila ya kusubiri bajeti. Fomu ya kuchagua masomo ipelekwe nyumbani, ikae huko juma zima, na irudi na sahihi ya mzazi au mlezi. Pembeni ya kila somo la hiari pawe na mstari mmoja wa maneno ya Kiswahili chepesi: ukiliacha hili, kazi hizi na vyuo hivi vitakupita. Mkuu wa shule awaambie wazazi kweli kuhusu walimu alio nao. Akiwa hana mwalimu wa Fizikia aseme hana, ili bodi ya shule ijue la kudai na mzazi ajue la kutafuta. Shule mbili za kata zilizo jirani, moja ikiwa na mwalimu na nyingine ikiwa na vifaa, zaweza kukutana Jumamosi. Tumeambiwa kwamba jambo la namna hiyo ni gumu kiutawala. Hatujaelezwa ugumu wake.

Mzazi naye asidhani kuwa kwa kutojua Kiingereza cha vitabu hana la kuuliza. Swali lake ni fupi na halihitaji kitabu: "Bwana mwalimu, somo hili mwanangu akiliacha, hataweza kuwa nani?" Aulize hivyo kwa kila somo, na asiondoke ofisini kabla ya kujibiwa.

Na kwa wale ambao wamekwisha kusogea upande wa darasa, mlango haujafungwa kwa komeo. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwanzoni mwa mwaka wa mtihani wenyewe, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyebadili nia mwezi wa Februari amekosa vipindi vichache tu, ambavyo rafiki mwenye daftari safi aweza kumrudishia kwa jioni mbili tatu. Anayengoja mpaka likizo ya Juni ipite atawakuta wenzake wamekwisha kuivuka dhana ya moli na wanapima asidi kwa matone, na hapo hata mwalimu mwenye moyo hana kipindi cha kumrudishia.